Kuusoma udongo wa Mwezi bila kuugusa: mwongozo kamili wa kupima mwanga unaoakisiwa

Usiku wa mwezi mpevu, utazame Mwezi kwa makini kidogo. Mpira ukimulikwa kwa mbele, katikati hung'aa na kingo hufifia, na hivyo ndivyo jicho linavyotambua kuwa huo ni mpira. Mwezi haufanyi hivyo. Ukingo wake unang'aa karibu sawa na katikati, kama sahani iliyobandikwa angani. Kisha usubiri wiki moja hadi ubaki nusu. Sehemu iliyomulikwa ni nusu, lakini mwanga unaotufikia si nusu ya ule wa mwezi mpevu. Ni takriban sehemu moja ya kumi na moja. Mpira laini uliopakwa chokaa ungebakiza asilimia 32 hivi. Mwezi unabakiza asilimia 9.

Anayehusika na tofauti hiyo ni vumbi. Mwezi, Utaridi na asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, hazina angahewa ya maana, kwa hiyo vimondo vidogo sana vimezitwanga kwa mabilioni ya miaka hadi mwamba ukawa unga, kokoto na vigae, vyote vimechanganyika. Tabaka hilo huitwa regolithi. Kwenye Mwezi, punje za kawaida ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Wapo wanaokataa kuliita udongo kwa sababu halina mboji wala wadudu. Mimi nitaliita udongo tu, tutaelewana.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera inayoweza kuendeshwa kwa mkono, subira na kompyuta ya kawaida. Kanuni moja nitaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho: pembe kwanza, rangi baadaye. Wengi hukimbilia rangi na madini, kumbe wanachokiona ni vivuli tu.

Hatua ya 1: Zijue pembe tatu

Jifikirie umesimama juu ya udongo wenyewe. Pembe ya kuangukia ni ile kati ya wima wa ardhi na mwelekeo wa Jua. Pembe ya kutokea ni kati ya wima huo huo na mwelekeo wa anayekutazama. Ya tatu, ambayo ndiyo mama yao, ni pembe ya awamu: pembe kati ya Jua na mtazamaji, ukizitazama zote mbili ukiwa hapo ulipo. Mwezi mpevu una pembe ya awamu inayokaribia 0, Mwezi wa nusu 90.

Kwa nini pembe hii ni mama? Kwa sababu inaamua vivuli unavyoviona. Jua likiwa nyuma yako kabisa, kila kivuli kimejificha nyuma ya punje iliyokizaa. Ukisogea pembeni kidogo, vivuli vinaanza kuchungulia na uso unakuwa mweusi ghafla. Aliyewahi kukaa dirishani mwa ndege na kuona kivuli cha ndege kikipita juu ya msitu atakumbuka duara angavu linalokizunguka. Ni jambo lile lile: pale hasa ulipo mkabala na Jua, majani yamefunika vivuli vyake.

Mwanaastronomia Hugo von Seeliger alilitumia wazo hili mwaka 1887 kueleza kwa nini pete za Zohali hung'aa zaidi zikiwa mkabala na Jua. Mwaka 1956 Tom Gehrels akaliona kwenye asteroidi iitwayo Massalia. Baadaye ikaonekana kuwa kuna kisababishi cha pili kwenye pembe ndogo kabisa: mawimbi mawili ya mwanga yanayopita njia moja kati ya punje, kila moja kwa upande wake, hurudi kwa mtazamaji yakiwa sambamba na kutiliana nguvu. Mwaka 1994 chombo cha anga cha Clementine kilipima uso wa Mwezi ukiongezeka mng'ao kwa zaidi ya asilimia 40 kati ya digrii 4 na 0.

Ile sahani nayo inaelezeka. Kwa udongo mweusi wenye vinyweleo, mng'ao hufuata takriban hesabu hii: kosaini ya pembe ya kuangukia, gawanya kwa jumla ya kosaini za pembe ya kuangukia na ya kutokea. Mwezi ukiwa mpevu, pembe hizo mbili ni sawa kila mahali, kwa hiyo jibu ni nusu katikati na nusu ukingoni. Hesabu hiyo inabeba majina ya Lommel na Seeliger, na utaihitaji tena hatua ya 4.

Hatua ya 2: Anzia mezani, si angani

Usiiruke hatua hii. Ninaowafahamu walioiruka walikuja kuirudia.

Tafuta unga wa aina tatu: mkaa uliosagwa, tofali lililosagwa na chaki. Kila mmoja uchekeche kutoka kimo cha kama sentimita 30 juu ya kisahani, uache utue wenyewe bila kuugonga. Pembeni weka kipande cha karatasi nyeupe isiyong'aa, au utepe mweupe wa mafundi bomba uliokunjwa tabaka nyingi. Hicho ndicho kipimo chako: kila thamani ya unga utaigawanya kwa thamani ya kipande hicho ndani ya picha hiyo hiyo. Kwenye digrii moja au mbili za mwisho kipande cheupe nacho hupandisha mng'ao wake, kwa hiyo pale usikiamini sana.

Zima taa zote za chumba. Weka tochi mita 3 kutoka kwenye kisahani na usiiguse tena. Kinachohama ni kamera. Watu wengi hufanya kinyume, wanahamisha tochi. Hapo mwanga unaoangukia unga unabadilika na unajikuta unapima mambo mawili kwa pamoja. Lenzi ikiwa sentimita 5 kutoka kwenye tochi, pembe ya awamu ni takriban digrii 1. Sentimita 50 ni digrii 9 na nusu. Mita nzima ni digrii 18. Piga picha kwenye vituo kama kumi hivi, ukivisongamanisha upande wa pembe ndogo.

Chora grafu: pembe kwenye mstari wa chini, mng'ao kwenye mstari wa wima. Mkaa utakupa mteremko mkali, chaki mteremko mpole. Kwenye chaki mwanga hurukaruka kutoka punje hadi punje na kuingia hadi ndani ya vivuli, ukavififisha. Kwenye mkaa mwanga ukiingia haurudi, na kivuli hubaki kivuli. Sasa chukua kipande cha kioo, ukandamize mkaa hadi uso wake uwe bapa, kisha upige picha upya. Mteremko unalala. Ni mkaa ule ule, uzito ule ule, lakini grafu ni nyingine. Hapo ndipo utakapoamini kwamba mwanga unasoma namna udongo ulivyotua kabla haujasoma udongo huo ni wa nini.

Jaribio la nyongeza, ukivaa miwani ya kazi, barakoa na glavu: funga kipande cha chupa ya kahawia ndani ya kitambaa kizito na ukiponde. Vipande vikubwa ni vya kahawia iliyokolea. Unga laini unakaribia weupe. Rangi imekwenda wapi? Haijakwenda popote. Ndani ya kipande kikubwa mwanga husafiri mbali na kunyonywa njiani. Ndani ya unga hukutana na uso mpya kila hatua na kurudi nje kabla haujanyonywa. Yeyote atakayekuambia asteroidi fulani ni nyeupe kwa hiyo imetengenezwa kwa kitu fulani, muulize kwanza kuhusu ukubwa wa punje.

Hatua ya 3: Upige picha Mwezi

Unahitaji kamera yenye faili ghafi (RAW), lenzi ya milimita 200 au zaidi, na stendi ya miguu mitatu. Picha za JPEG achana nazo. Kamera imeshazipika, imeongeza chumvi na kupunguza maji, na namba zilizomo hazilingani tena na mwanga ulioingia.

Weka kila kitu kwa mkono. Kwa mwezi mpevu anzia f/11, ISO 100, sekunde 1/100, kisha angalia kwamba sehemu angavu kabisa, ambayo kwa kawaida ni kreta ya Aristarchus, haijavuka asilimia 70 ya uwezo wa kihisio. Jinsi Mwezi unavyopungua utahitaji kurefusha muda. Ni sawa, mradi uuandike. ISO na f usiviguse.

Mwezi wangu wa kwanza niliupiga wote huku kamera ikijichagulia muda, nami nikadhani nitarekebisha baadaye. Grafu ikatoka bapa kama sakafu: kila mwanga ulipopungua, kamera nayo iliongeza muda kunifurahisha, na sikuwa nimeandika chochote.

Kila usiku piga picha ishirini za Mwezi, kumi zenye kifuniko cha lenzi kwa muda ule ule wa kufungua, na mara moja kwa wiki kumi za anga la magharibi lisilo na wingu mara baada ya Jua kuzama. Za kifuniko utazitoa kwenye picha zako, za anga utazitumia kugawanya. Hivyo unaondoa giza bandia la kihisio na ufifiaji wa pembezoni mwa lenzi.

Angahewa yetu ndiyo adui mkubwa. Mwezi ukiwa digrii 30 juu ya upeo, mwanga wake umepita kwenye hewa mara mbili ya ule wa utosini. Usipime chini ya hapo. Kila usiku, upige Mwezi mara kadhaa unapopanda, uchore logi ya mng'ao dhidi ya unene wa hewa, na uurefushe mstari hadi unene wa sifuri. Pale unapokata ndipo ulipo mng'ao wa Mwezi bila hewa. Usiku ambao nukta hazikai kwenye mstari una ukungu usioonekana kwa macho. Utupe bila huruma.

Pembe ya awamu ya kila saa uichukue kwenye programu ya Stellarium au kwenye huduma ya Horizons ya maabara ya JPL. Hubadilika kwa karibu nusu digrii kwa saa, jambo la kufaa sana karibu na mwezi mpevu. Kwa kawaida pembe hiyo haishuki chini ya digrii 1.5 bila Mwezi kuanza kuingia kwenye kivuli cha Dunia, kwa hiyo usiku wa thamani kuliko yote ni ule wa kupatwa kwa Mwezi: anza muda wa saa sita kabla yake, piga kila robo saa, na usimame pale kivuli cha nje kinapougusa ukingo.

Hatua ya 4: Kutoka picha hadi grafu

Kwenye faili ghafi tumia pikseli za kijani peke yake. Jumlisha pikseli zote za duara la Mwezi, toa mwanga wa anga lililo jirani, gawanya kwa muda wa kufungua. Kisha sahihisha umbali. Mwezi huwa kati ya takriban kilomita 356,500 na 406,700 kutoka kwetu, tofauti inayotosha kubadilisha jumla ya mwanga kwa asilimia 30. Umbali wa Jua nao hubadilisha mwanga kwa karibu asilimia 7 kati ya Januari na Julai.

Hapa kuna mtego. Ukipima jumla ya duara, sahihisha umbali wote wawili. Ukipima eneo moja kwa wastani wa pikseli, umbali wa kutoka Duniani usiuguse: Mwezi ukisogea karibu, mwanga unaongezeka lakini unatawanyika kwenye pikseli nyingi zaidi, na mambo yanalipana. Sahihisha wa Jua tu.

Geuza namba kuwa kipimo cha mag, yaani logi ya mng'ao mara −2.5. Kati ya digrii 10 na 40 utapata karibu mstari ulionyooka, wenye mteremko wa takriban mag 0.026 kwa kila digrii. Ukipata mara mbili ya hapo, rudi kwenye hatua ya hewa. Chini ya digrii 5 nukta zitaanza kupanda juu ya mstari, na kupanda huko ndiko ulikokufuata.

Baada ya hapo chagua maeneo. Mimi hutumia Mare Serenitatis na Mare Tranquillitatis, ambazo ni mbili kati ya “bahari” za Mwezi, yaani tambarare nyeusi za lava zisizo na maji, pamoja na ukanda wa nyanda za juu kusini na kreta ya Tycho. Kwa kila eneo gawanya kwanza kwa hesabu ya Lommel na Seeliger, la sivyo utasoma mwinamo wa Jua ukidhani ni udongo. Kisha gawanya eneo moja kwa jingine ndani ya picha hiyo hiyo. Hewa inajifuta yenyewe. Utaona bahari za Mwezi, ambazo ni nyeusi, zikiporomoka kwa kasi zaidi kuliko nyanda za juu kadiri pembe inavyokua. Ni mkaa na chaki vile vile.

Hatua ya 5: Mwelekeo wa mtetemo

Mwanga hutetemeka kukatiza njia yake. Ukiakisiwa, mtetemo wa upande mmoja huzidi wa mwingine, na tunasema mwanga umepolaraizika. François Arago aliligundua hili kwenye mwanga wa Mwezi mwaka 1811. Katika miaka ya 1920 Bernard Lyot akapima Mwezi na unga wa kila aina maabara, akaona majivu ya volkano ndiyo yanayofanana nao kuliko vyote. Hiyo ilikuwa miongo kadhaa kabla ya binadamu kuuleta udongo wenyewe mwaka 1969, na alikuwa ametumia mwanga peke yake.

Vaa kwenye lenzi filta ya polaraizi. Zile za kawaida za mviringo zinafaa, mradi uso wake wa mbele uelekee angani. Piga Mwezi wa nusu huku filta ikiwa digrii 0, 45, 90 na 135. Kwa kila eneo, chukua tofauti ya 0 na 90, gawanya kwa jumla yake. Fanya hivyo pia kwa 45 na 135. Zipandishe kila moja kwa kipeo cha pili, zijumlishe, uchukue kipeuo. Jibu ni kiwango cha polaraizi.

Subiri giza liingie kabisa. Mwezi wa nusu hukaa digrii 90 kutoka kwenye Jua, na hapo hasa ndipo anga la bluu lenyewe limepolaraizika kuliko mahali pengine. Ukipiga jioni mapema utapima anga.

Utakachokiona: bahari nyeusi zimepolaraizika zaidi, nyanda angavu kidogo. Nikolay Umov alieleza uhusiano huo mwaka 1905, na sababu ni ile ile ya kurukaruka: mwanga uliogonga punje nyingi husahau mwelekeo wake. Chini ya takriban digrii 23 za awamu mwelekeo hugeuka kinyume, lakini kwa asilimia 1 hivi tu, na kamera ya kawaida italikosa. Mimi mwenyewe nimejaribu misimu miwili na sina nukta ninayoweza kuiapia.

Hatua ya 6: Sasa rangi

Gawanya pikseli za bluu kwa nyekundu na uongeze utofauti wa picha. Mare Tranquillitatis itajitenga na Serenitatis kama vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, ya kwanza ikiwa ya bluu zaidi. Hiyo ni titani, iliyomo kwenye madini ya ilmeniti. Basalti za Apollo 11, zilizotoka Tranquillitatis, zina takriban asilimia 10 ya oksaidi ya titani. Njia hii hufanya kazi tu kwenye bahari zilizokomaa, yaani zile ambazo udongo wake umekaa wazi angani muda mrefu. Kwenye nyanda za juu usiitumie.

Kwa madini mengine unahitaji spektra ya infraredi, yaani grafu ya mng'ao kwa kila urefu wa wimbi la mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya wekundu, na hapo huna haja ya chombo chako. Hifadhi ya data ya PDS ya NASA ina data za Moon Mineralogy Mapper, kifaa kilichopima madini ya Mwezi kutoka angani, na maabara ya RELAB ya Chuo Kikuu cha Brown ina spektra za sampuli halisi za kulinganishia. Madini ya piroksini huchimba bonde, yaani sehemu ya grafu iliyozama kwa sababu mwanga umenyonywa, karibu na nanomita 900 hadi 1,000 na jingine karibu na 2,000. Olivini ina bonde pana karibu na 1,050 lakini haina la 2,000. Plajioklesi yenye chuma kidogo huonyesha bonde karibu na 1,250. Chora mstari ulionyooka kutoka bega hadi bega la bonde, ugawanye spektra kwa mstari huo, ndipo upime kitovu chake.

Kitovu kiamini, kina usikiamini. Upepo wa Jua na vimondo vidogo huzipaka punje utando wenye vichembe vya chuma tupu vya nanomita chache, na vichembe hivyo hutia weusi, hutia wekundu na kufukia mabonde. Kwa miaka mingi asteroidi za aina ya S, yaani zile za mawe, zilikataa kufanana na vimondo vya kawaida kabisa vinavyoanguka Duniani, na hii ndiyo iliyokuwa sababu. Chombo cha Hayabusa kilipoleta punje za asteroidi ya Itokawa mwaka 2010, ndani zilikuwa za kimondo cha kundi la LL, moja ya makundi ya vimondo hivyo vya kawaida, kama darubini zilivyokuwa zimebashiri, na juu zilikuwa na utando huo. Utaridi ni mgumu zaidi: uso wake una chuma kidogo mno, mabonde karibu hakuna.

Zaidi ya nanomita 2,500 kuwa macho pia na joto. Uso wa Mwezi saa ya mchana hukaribia nyuzi 120 za Selsiasi na hutoa mwanga wake wenyewe, unaojaza bonde la karibu na 3,000 ambalo ndilo lililotumika mwaka 2009 kuonyesha dalili za maji. Usipouondoa, utayakausha maji yaliyopo.

Hatua ya 7: Asteroidi

Hatua ni zile zile, isipokuwa huoni duara bali nukta. Darubini ya sentimita 20 inatosha kwa zile angavu. Ondoa athari ya umbali kwa kutoa mara 5 ya logi ya umbali wa Jua ukizidishwa na umbali wa Dunia, kisha ondoa mzunguko: asteroidi ya Vesta, kwa mfano, hujizungusha kwa saa 5.34 na mng'ao wake hupanda na kushuka nao. Kinachobaki ni grafu ya awamu.

Anza miezi miwili kabla ya asteroidi kuwa mkabala na Jua na uendelee miezi miwili baadaye. Vesta hurudi mkabala na Jua kila baada ya miezi kumi na saba hivi, na si kila mara pembe yake hushuka chini ya digrii 1, kwa hiyo fungua Horizons uitazame safu ya pembe ya awamu kabla hujajitolea usiku hata mmoja.